Mandari kabla ya masika: maswali yenu kuhusu maji, chakula na watoto

Machi ikiingia, kaskazi hulegea. Asubuhi bahari hulala, maji huwa maangavu mpaka mchanga wa chini unaonekana, na joto la ndani huwa halivumiliki hata kwa anayelala darini. Hizi ndizo wiki chache za mandari, yaani matembezi ya kula na kupunga upepo pwani, kabla ya kusi kuvuma na masika kushuka kuanzia Aprili. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo humo, kwa hiyo wengi hutoka kwa vunjajungu au husubiri Idi. Barua nyingi mlizotuletea zinahusu maji kujaa na kupwa. Tumezijibu kwa kirefu, kwani hapo ndipo mandari nyingi huharibikia.

Assalamu aleikum. Tuko watu kumi na wawili, nusu watoto, na twataka kwenda Takwa, kwenye magofu ya kisiwani Manda, karibu na Lamu. Mara ya mwisho tulifika maji yametoka, chombo kikakwama matopeni, tukala chakula chetu humo humo chomboni katikati ya mikoko. Tuchague siku gani?
*Mama wa watoto wanne, Langoni*

Wa aleikumu salamu, mama. Siku ya Takwa haichaguliwi kwa Jumamosi na Jumapili, huchaguliwa kwa mwezi. Mkono wa bahari unaoingia Takwa hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa hubaki matope na mizizi ya mikoko, na hakuna nahodha awezaye kukusaidia mpaka maji yarudi, yaani saa kadhaa.

Hesabu yake ni nyepesi, na tarehe ya mwezi wa Kiislamu unayo nyumbani. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano za mwezi huo, maji ya bamvua, yale yanayopanda na kushuka sana, hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Mwezi 4 yatajaa karibu saa 12 na nusu, mwezi 8 karibu saa 4 asubuhi. Hesabu hii hukupa siku. Saa kamili muulize nahodha wako siku mbili kabla, kwa kuwa kuchelewa huko si sawa kila siku.

Wengi huona mwezi 8 au 22 ndio mzuri, kwa sababu maji hujaa asubuhi. Tatizo ni kwamba siku hizo ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na chombo kizito chenye watu kumi na wawili huweza kugusa chini hata maji yakiwa yamejaa. Kwa familia yenu twapendelea mwezi 13 hadi 15, au 28 hadi 1. Maji hujaa kati ya saa 8 na nusu na saa 10 alasiri, tena ni mengi. Ingieni saa mbili kabla ya maji kujaa, na mtoke kabla hayajapungua kwa saa moja na nusu. Mtapata kama saa tatu za kutembea. Jua la Lamu huzama karibu saa 12 na nusu, na safari ya kurudi mjini kwa mashua ya mashini ni saa nzima au zaidi, kwa hiyo saa 11 kila mtu awe chomboni, hata kama mahesabu ya maji yanakuruhusu kuchelewa.

Huko watoto wataona msikiti mkuu wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta wa mji kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani takribani miaka 1682 na 1683. Waambieni kwamba mji ule ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wa Shela hujihesabu kuwa kizazi chake, ndiyo maana huenda kuzuru kaburi lile na kuomba mvua. Wasipande kuta. Chokaa ya miaka 400 huachia jiwe bila kutoa sauti. Nyuma ya magofu kuna kijia kifupi cha kwenda upande wa bahari kuu, na pale mawimbi ni makali. Ni pa kupunga upepo, si pa kuoga na wana. Msitegemee kupata maji ya kunywa Manda. Bebeni lita 3 kwa kila mtu, watoto pamoja, maana yanayobaki yatanawisha mikono.

Twaenda Shela kila Ijumaa jioni. Safari nyingine wanangu huoga vizuri, safari nyingine maji yanawavuta kuelekea mlangoni mpaka nafsi yanirukaruka. Pahali ni pale pale. Kwa nini?
*Baba, Mkomani*

Pahali ni pale pale, lakini maji si yale yale. Kati ya Shela na Manda kuna mlango ambao maji ya mkondo wa Lamu hupitia yakiingia na yakitoka. Yakijaa, mkondo humsukuma mtoto ndani, kuelekea mjini. Yakipwa humchukua nje, kuelekea bahari kuu. Na ufuo mrefu wa Shela hauna mwamba wa kuyavunja mawimbi mbele yake.

Sasa rudi kwenye hesabu ya mwezi. Siku za bamvua, maji huwa makavu kabisa karibu saa 4 asubuhi, kisha hujaa mpaka saa 10 alasiri. Muda wa kuogesha watoto ni saa 8 hadi saa 10 kasoro robo. Ukifika saa 11, baada ya kazi, umekuta yanatoka kwa nguvu, na yanayotoka kwa nguvu zaidi ni yale ya saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa. Siku za mwezi 8 na 22 mambo hugeuka: yanatoka kuanzia asubuhi hadi alasiri, halafu yanaanza kurudi karibu saa 10. Siku hizo jioni yako ni salama, tena mkondo ni mdogo.

Mtoto akivutwa, asipigane na maji. Aelee chali, kisha aogelee kukingama mkondo mpaka atoke ndani yake, ndipo aelekee ufuoni, si kurudi moja kwa moja alikotoka. Wewe usirukie mikono mitupu. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge kifuniko kikaze, lifunge kamba ya mita 15 kwenye mpini wake, na likae ufuoni kila mnapooga. Dumu hilo humweka mtu mzima kichwa juu ya maji bila taabu. Na mtu mmoja awe mlinzi, simu iwe mfukoni, mbadilishane kila dakika 20. Mtoto anayezama hapigi kelele. Husimama wima majini, mdomo unazama na kuibuka, mikono inapapasa pembeni kama anayepanda ngazi, na mara nyingi huwa yuko mita tano tu kutoka kwa wakubwa wanaozungumza.

Jambo jingine dogo: kwenye maji ya magotini wafundishe kuburura nyayo, wasinyanyue miguu. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, hujifukia mchangani, na akisikia mchanga unabururwa huondoka mwenyewe. Akichoma, chovya mguu kwenye maji ya moto kiasi cha mtu mzima kuvumilia, jaribu kwanza kwa mkono wako, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu yake huvunjwa na joto na maumivu hupungua. Kisha mpelekeni hospitali, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Nimeolewa huku mwaka huu. Mama mkwe anakataza kabisa wali wa nazi na mchuzi wa samaki kwenye kapu la mandari, ati vitachacha. Kwetu tulikuwa tukibeba. Nifanye nini?
*Mkaza mwana, Matondoni*

Mfuate mama mkwe, na sababu zake ni hizi. Tui lina maji, mafuta na sukari, na kwa joto la Machi huanza kuchacha ndani ya saa chache. Wali nao una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Sufuria ikifunikwa ikiwa moto na kukaa vuguvugu, mbegu huamka na kutoa sumu, na ukiupasha moto sumu hiyo haiondoki. Kanuni ya jikoni ni saa mbili nje ya barafu, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32. Kwenye chombo juani linazidi.

Samaki wa jodari, nguru na vibua wana hatari yao. Wakikaa kwenye joto kabla ya kupikwa, nyama yao hujenga sumu ambayo moto hauiondoi. Mlaji huwaka uso, kichwa hugonga, midomo huwasha, na watu husema ni mzio. Wa mandari awe tafi au changu, anunuliwe alfajiri kwa wavuvi na kukaangwa asubuhi ile ile.

Kwa watu kumi, chukua kilo 3 za tafi. Wapasue, uwachanje chale tatu kila ubavu, uwapake chumvi, manjano, thomu, pilipili na maji ya ndimu 4, na wakae nusu saa, si zaidi, maana ndimu ikikaa sana huilegeza nyama. Kausha kwa kitambaa, kisha kaanga mafuta yakiwa moto sana mpaka mifupa ya pezi ikatike kama biskuti. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamtoa kikaangoni na kumfungia moto moto kwenye plastiki. Mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, matone hurudi kwenye samaki, ngozi inakuwa teketeke na kuanza kunuka. Mtandaze kwenye chano, umfunike kwa kawa la ukili linalopitisha hewa, umwache apoe kabisa kama dakika 40, ndipo umfunge kwenye karatasi na kumweka kwenye boksi la barafu.

Kilo moja ya unga itakupa mahamri 30 hivi. Ongeza mikate ya mofa, mayai ya kuchemsha na maganda yake, viazi vya kuchemsha, ndimu, na achari ya embe kwenye chupa. Matango na matikiti yakatwe huko huko. Chupa za maji za lita moja na nusu zijaze robo tatu, uzigandishe usiku. Ukizijaza pomoni zitapasuka. Weka mbili chini ya boksi, chakula katikati, mbili juu. Zikiyeyuka mtazinywa. Na ukitamani sana wali wa nazi, upikeni mrudipo.

Wapwa zangu watano watakuja likizo ya Aprili na nitawapeleka baharini. Nitajuaje kama chombo ni kizuri? Mimi si mtu wa bahari.
*Shangazi, Malindi*

Shangazi, likizo ya Aprili huangukia kusi linapoanza. Kama bahari imechafuka siku hiyo, waambieni watoto mapema kwamba mtakwenda magofu ya Gede badala yake, msibishane na nahodha pwani.

Chombo kitazame kabla hakijapakia. Omba ubao wa sakafu uinuliwe utazame ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Yakifika juu ya kifundo cha mguu na hakuna kopo la kuyatolea, ondoka. Kisha tazama mbao za juu, zile zinazokaa nje ya maji. Miezi ya kaskazi jua huzikausha, zikasinyaa, na kalafati, ile pamba inayoziba mishono kati yake, ikalegea. Ukipitisha ukucha unaingia. Chombo kikiwa na watu wachache hazigusi maji. Wakiongezwa watano, chombo huzama kidogo, mishono mikavu inaingia majini, na kinaanza kuvuja kutoka mahali ambapo nahodha mwenyewe hakuzoea. Kwa hiyo idadi mliyopatana ndiyo idadi, hata jirani akija akikimbia na mtoto wake mikononi.

Majaketi ya kuokolea yavaliwe kabla ya kupanda, si yawe yamekaliwa. La mtoto lijaribu hivi: mfunge, mshike jaketi mabegani, umwinue kidogo. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini litamtoka. Lenye mkanda wa kupita kati ya miguu ndilo linalomfaa mtoto mdogo. Kama chombo kina ya wakubwa tu, tafuta chombo kingine.

Mama yangu anaumwa na magoti na anatamani kwenda nasi. Atapandaje?
*Binti yake, Shela*

Maji yakijaa, chombo hulingana na gati na hatua huwa moja. Yakipwa ni ngazi zenye ukoko wa kijani, nazo zinateleza. Mpande naye saa ya maji mengi, hata mkisubiri ndani nusu saa. Akae katikati ya chombo, ambako kunayumba kidogo kuliko omo (mbele) na tezi (nyuma), juu ya mto, uso ukitazama mbele. Kama huwa anatapika, ale hamri moja kavu na tangawizi saa moja kabla. Tumbo tupu ni baya kuliko lililoshiba kiasi.

Mtoto wa miezi minne naye aende?
*Mama mchanga, Kipungani*

Safari fupi ya asubuhi, ndiyo. Arudi kivulini kabla ya saa 4, na mafuta ya kuzuia jua asipakwe kabla ya miezi sita: kivuli, kofia na kanga nyepesi vyatosha. Usimpe maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mtazame nepi. Ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nawe mwenyewe unywe glasi moja kila anaponyonya.