Kisu kimoja tu kinatosha, ila ujue kuchagua

Niko nauza chakula hapa Kadutu, mjini Bukavu, malewa, yaani mgahawa mdogo, ya meza nne, huu ni mwaka wa kumi na mbili sasa, na kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka giza liingie kisu hakitokake mkononi mwangu. Wadada wanaotaka kuanza kazi kama hii wananiuliza sana, "Mama, nunue visu ngapi?" Nawajibu kimoja. Wanaona kama nawaficha siri ya biashara lakini ni kweli kabisa, muhogo, nyama, kitunguu, tilapia, kuku, kabichi, kumenya ndizi, kukata miti ya sombe, yale majani ya muhogo, kabla ya kutwanga, vyote hivyo nafanya na kisu kilekile kimoja na sijawahi kusema ningekuwa na kingine.

Hiyo akili niliipata kwa maumivu. Mwaka wa kwanza nilinunua seti ya visu sita, mipini ya rangi, vimefungwa kwenye karatoni vinang'aa kama kioo, dola 10. Nilifurahi mpaka nikaonyesha majirani. Haikupita wiki mbili havikati tena nyanya, vinaiponda tu, na kisu kikiwa butu unaanza kusukuma, ukisukuma kinateleza. Siku moja napasua muhogo mkubwa, mpini ukaachana na chuma mkononi mwangu, chuma kikaingia hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, wakanishona nyuzi tano. Wiki tatu dada yangu ndiye alikuwa anaosha sahani zote. Nilipopona nikauchukua ule mpini nikauangalia ndani: chuma kilikuwa kimeingia kwenye plastiki urefu wa ukucha tu. Ukucha! Na mimi nilikuwa nakilalia na uzito wangu wote.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujaangalia makali wala bei, geuza kisu uangalie mpini kwa upande wa juu. Unatakiwa uone chuma kinapita katikati ya vipande viwili vya mti mpaka mwisho kabisa, na riveti tatu, mbili siyo mbaya, zimekaza bila mwanya. Pitisha ukucha pale mti unapokutana na chuma, ukucha ukiingia, maji yataingia pia, na maji yakiingia kuna kutu na uchafu wa nyama ndani ambao hutauosha milele. Plastiki ngumu siikatai ila huwezi kuona kilicho ndani yake, na mimi tangu ule muhogo sinunui nisichokiona.

Urefu: shubiri moja, yangu mimi ni kama sentimita 18. Mfupi kuliko hapo kabichi inakushinda, mrefu zaidi utateseka kumenya. Wanaume wengi wanapenda kisu kirefu, sijui kwa nini, halafu kumenya viazi wanatuachia sisi.

Sasa chuma chenyewe, na hapa ndipo watu wengi tunadanganyika juu ya kung'aa. Kuko inox, kile chuma cheupe kisichoshika kutu, na kuko chuma cheusi, kile kinachoshika kutu. Inox nzuri ipo, siwezi kukataa, ila ile tunayoletewa sokoni kwa bei yetu nyingi ni laini, inapinda makali, na ile ngumu inasumbua kunoa kama una jiwe la kawaida tu la nyumbani. Tena kuna inox ambayo ni ya vijiko na masufuria, hiyo haiwezi kukomazwa kwa moto hata ufanye nini, na wanatengeneza nayo visu hivyohivyo. Mimi ninaendaka sokoni na kasumaku nilikotoa kwenye spika ya radio iliyokufa. Sumaku isiposhika vizuri kwenye kisu nakirudisha mezani. Ikishika bado hujui kama ni kizuri, inox ngumu nayo inashika, lakini angalau umeondoa vile vibaya kabisa. Wauzaji wananicheka, halafu mmoja mwaka jana akaniomba nimuachie ile sumaku apime mzigo wake mwenyewe.

Ushauri wangu ni chuma cheusi. Kinanoleka dakika tano, kinakuwa kikali kweli, na kikichoka kinakuambia mapema. Kisu changu cha sasa kilitoka Walungu, huku huku Kivu ya Kusini, kwa mzee mmoja anayefua resori, yaani springi, za magari makubwa, zile bapa za chini ya lori. Nilikaa kwake asubuhi nzima juu sikutaka kuuziwa kitu ambacho sijakiona kinazaliwa. Kijana anavuta mivukuto, makala, yaani makaa, yanaungua mpaka yanakuwa meupe, mzee anakata kipande cha resori, anakipiga, anakirudisha motoni, anakipiga. Akishapata umbo anakipasha kiwe chekundu chote sawasawa halafu anakichovya kwenye mafuta machafu ya motere. Nikamuuliza kwa nini siyo maji. "Mama, mu maji itapasuka, resori haipendake maji." Halafu akafanya kitu ambacho sikukijua: akakisugua kwenye jiwe mpaka pakaonekana peupe, akakirudisha karibu na moto, siyo ndani, akawa anaangalia tu bila kusema. Ile sehemu nyeupe ikaanza kugeuka rangi polepole, manjano kidogo kama majani makavu, hapohapo akakiondoa. Akaniambia ukikiacha kilivyotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini kikianguka kwenye sakafu ya simenti kinaweza kuvunjika kama sahani, na ukikipasha kupita ile rangi unaanza kupoteza makali. Ni ile dakika moja ya kuangalia rangi ndiyo nilikuwa nalipia, na nililipa bila kuomba punguzo.

Baba yangu alikuwa na Okapi, ile ya kukunja yenye mpini wa mti na pete nyuma, wengi mnaikumbuka kwa wazee wenu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa Afrika, siku hizi inatoka Afrika Kusini, na imebeba jina la mnyama wetu wa Ituri. Kaka yangu naye aliniletea Opinel ya Ufaransa, ile iliyoandikwa Carbone kwenye chuma, makali yake yalinishangaza. Lakini kwa jikoni sikushauri kisu cha kukunja. Mafuta na nyama vinaingia pale panapokunjika, na mti wa Opinel ukilowa unavimba mpaka kukifungua inakuwa vita. Hivyo ni visu vya shamba na safari. Na kuhusu safari, tafadhali, kwa hali tuliyo nayo usitembee na kisu mfukoni. Kwenye bariyeri, pale wanaposimamisha watu njiani kuwapekua, hakuna atakayekusikiliza ukisema ni cha kumenya chungwa. Mimi nikikitoa malewani nakifunga kwenye kitambaa nakiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya masufuria, na kikombe juu.

Kunoa jamani jifunzeni wenyewe, msisubiri mtu. Jiwe lilowe maji, weka kisu kimelala kabisa, halafu inua mgongo kidogo, upenyo ambao kidole kidogo hakipiti vizuri. Sukuma kama unataka kukata kipande chembamba cha jiwe. Upande mmoja mpaka ukipitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe siyo kufuata urefu, usikie kaunyuzi ka chuma kanakwaruza. Kale kaunyuzi kakionekana toka mwanzo mpaka ncha ndiyo unageuza. Wengi wanageuza kabla hakajatokea, wanakaa nusu saa jiweni halafu wanasema kisu ni kibaya. Mwisho unapitisha kwa wepesi sana, huku na huku, kaunyuzi katoke. Pima kwenye nyanya iliyoiva, usisukume, vuta tu. Nyanya ikifunguka yenyewe, acha.

Kutu nayo inatisha watu bure. Kisu cheusi kinataka kitu kimoja, kioshwe na kufutwa saa ileile, kisilale kwenye beseni la maji. Mwezi wa kwanza kitabadilika rangi, ukikata maracuja (pasheni) au kitunguu utaona kinakuwa kijivu, na mabaka kama ya buluu, usikimbilie kukisugua na mchanga kama shemeji yangu alivyofanya kwa nia nzuri nikabaki nimeduwaa. Ile rangi ya kijivu inakilinda, kutu ya kuogopa ni ile nyekundu. Cha jioni kwangu: kukausha, tone la mafuta ya kupikia kwenye kidole, napaka pande mbili, basi. Na maracuja nakata mwisho, juu ladha ya chuma kipya inaingia kwenye juisi wateja wanaisikia.

Kitu kimoja tu kisu hiki hakifanyi: mfupa. Kuku nakata kwenye viungo, unatafuta kwa kidole pale panapocheza, kisu kinapita bila nguvu. Mfupa wa ng'ombe ni wa kishoka, na kopo la nyanya lina kifunguo chake. Kijana wangu wa malewa alifungua kopo na ncha mara moja, ncha ikaondoka kama milimita mbili, nilitumia jioni mbili jiweni kuirudisha na bado naijua pale ilipokuwa.

Ukienda Walungu kutafuta, nenda na mkono wako mwenyewe ndio ukipime, siyo kumtuma mtu, mzee anakupimia mpini kwenye ngumi yako kabla hajapiga riveti. Na fika mapema, akimaliza makala ya siku hiyo anazima moto anaenda shambani.