Daktari wa Upasuaji Anajibu: Kadi ya Bima, Ngiri na Msimu wa Korosho

Maswali ya safari hii mengi yametoka vijiji vya Masasi. Nayajibu nikiwa hospitali ya misheni yenye mkataba na NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na CHF (bima ya afya ya jamii). Kwingine utaratibu unaweza kutofautiana kidogo.

Shikamoo daktari. Nina ngiri ya kinena mwaka wa tatu sasa. Haiumi, nikilala inarudi ndani. Kadi ya CHF ninayo, ila nangoja minada ya korosho nipate nauli na akiba ya kukaa bila kazi. Kuna ubaya?

Marahaba. Kila Novemba wodi ya wanaume hujaa ngiri zilizokuwa zikingoja mnada. Ngiri inayorudi ndani ukilala si dharura, hilo nakubali. Lakini siku utumbo unaotokeza kwenye ngiri ukinasa, uvimbe unakuwa mgumu, unauma, haurudi tena, na unaanza kutapika. Damu haifiki kwenye utumbo, utumbo unaoza, na mimi niliyekuwa nishone ukuta wa tumbo tu inabidi nikate kipande cha utumbo na kuunganisha kilichobaki. Operesheni ya kupangwa ni ganzi ya mgongoni, saa moja hivi, na mara nyingi kesho yake uko kwako. Ya kunasa ni siku nyingi wodini, na wapo wasiorudi nyumbani.

Kadi yako, ile iliyokuwa ikilipiwa Sh30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, inakufikisha hadi Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Mtwara, mradi ufuate ngazi. Anzia zahanati, uandikiwe rufaa. Ukija kwangu moja kwa moja utarudishwa dirishani, na lawama utanitupia mimi.

Hesabu yako ya msimu nadhani umeigeuza. Baada ya operesheni hutakiwi kunyanyua mizigo kwa takriban wiki sita. Ukifanyiwa Julai, Oktoba inakukuta unabeba magunia. Ukingoja pesa ya korosho, utalala kitandani wakati wenzako wanapima ghalani. Kwa sasa mtafute kijana akupulizie mikorosho salfa. Lile bomba la mgongoni si rafiki wa kinena chako.

Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu. Mbona wenzako wa binafsi wanaikwepa NHIF na wewe unaipokea? Wanakulipa vizuri?

Hapana, mwalimu. Kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, kilipoanza Machi 1, 2024 mnakumbuka baadhi ya hospitali binafsi zilivyositisha huduma kwa wenye kadi. Malalamiko yao juu ya bei hayakuwa ya kubuni. Mimi naongezea la makaratasi: fomu ikikosa saini ya mgonjwa, au ugonjwa ulioandikwa usioane na operesheni, dai linakatwa, na uzi na ganzi vilishatumika. Ndiyo maana muuguzi wangu anakukimbiza hadi getini na kalamu. Tuvumilie.

Naipokea kwa sababu mwenye kadi anakuja uvimbe wa titi ukiwa kama punje ya mahindi. Asiye nayo anauza mbuzi kwanza, halafu anakuja titi likiwa kidonda. Fedha taslimu za huyo wa pili hazinisaidii kumponya.

Ni kweli ngiri hushonwa kwa chandarua?

Umecheka, lakini ni kweli kiasi. Tunaweka wavu maalumu kuimarisha pale palipolegea, na wavu wa kiwandani ni ghali. Mashariki mwa Uganda madaktari waliwagawa wanaume 302: wengine wavu wa kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu. Matokeo yalichapishwa 2016. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana. Cha kitandani kwako kiache hukohuko kizuie mbu.

Mume wangu ana busha, anaona aibu kuja. Dawa za kingatiba za matende na mabusha anazomeza kila mwaka hazitoshi?

Hazitoshi, mama. Zinaua minyoo wachanga ili mbu wasisambaze matende kwa wengine. Busha lililokwishajaa maji haliondoki kwa vidonge. Ni operesheni ndogo, na serikali huendesha kambi za bure za mabusha mikoa ya pwani. Mwambie kwamba siku ya kambi foleni ni ndefu na hakuna wa kumshangaa mwenzake.

Mtoto akishikwa na kidole tumbo usiku na kadi iko kwa baba yake Dar?

Mlete. Dharura inapokelewa kwanza, namba ya kadi baba ataisoma kwa simu asubuhi. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, homa, kukataa chakula: hizo zinatosha kukutoa nyumbani. Njiani usimpe chai wala uji, maana wa dawa ya usingizi atataka tumbo tupu.