Dar hadi Iringa na watoto kwa gari dogo: usiende moja kwa moja, lala Mikumi

Mkuu umeuliza kama inawezekana kuwapeleka watoto watatu Iringa kwa Toyota IST likizo hii ya Juni, mdogo ana miaka mitatu, na shemeji anaiogopa Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa, hadi anataka mpande basi. Sisi hiyo barabara tunaipita karibu kila mwaka kwenda kwa wakwe, watoto wameanza kuipita wakiwa wananyonya, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Inawezekana, tena IST inatosha kabisa kama hamjabeba nyumba nzima. Ila acha ile hesabu ya wanaume ya "kilomita mia tano tu, saa nane mchana niko Iringa". Peke yako sawa. Ukiwa na watoto igawe mara mbili, Dar mpaka Mikumi ni kama kilomita 300, Mikumi mpaka Iringa ni kama 200, na hizo 200 ndo tamu zenyewe, sasa ukizipita jioni watoto wamelala midomo wazi na wewe unakimbizana na giza utakuwa umewanyima safari.

Toka Dar saa kumi na moja alfajiri, wabebe na mablanketi yao wakiwa usingizini, maana ukichelewa mpaka saa moja foleni ya Kimara, Mbezi na Kibaha itakula nguvu yote na mtoto wa miaka mitatu ataanza "tumefika?" hata Mlandizi hujaiona. Chai kunyweni Morogoro, pale Milima ya Uluguru inakuwa mkono wa kushoto na asubuhi mawingu yameikalia juu, wangu wa kati huwa anabishana na mimi kwamba ule ni moshi.

Halafu tochi, zile za trafiki za kupima spidi. Kila penye kibao cha 50 nenda 50 kweli, usimfuate aliye mbele yako kwa sababu wenye tochi hawasimami hadharani, na faini tatu za njiani ndo hela ya chipsi kuku ya familia nzima hiyo.

Sasa Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, na ukiwa unapita tu hulipi kitu. Pale mwanzoni kuna bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola, mwambie mkubwa awasomee wenzake kwa sauti, nakuhakikishia gari zima litanyamaza na kila mmoja atakuwa mlinzi wa spidi yako. Vioo juu, usisimame ovyo, usiwape nyani ndizi hata watoto wakilia, nyani akishazoea gari anakuwa jambazi. Swala na pundamilia karibu lazima muwaone, twiga mara nyingi, tembo ni bahati. Mwaka juzi tembo alikuwa kama hatua ishirini kutoka kwenye lami anavunja tawi, malori yote yamepunguza mwendo, na yule mwanangu mdogo anayeongea kuanzia Dar mpaka Iringa bila koma akanong'ona, "Baba, usipige honi." Basi.

Laleni Mikumi mjini, gesti ni nyingi za bei zote, ila uliza maji ya moto KABLA hujalipa na uende mwenyewe ukafungue koki, mimi nilishaambiwa "yapo bosi" mahali fulani, tukaogesha watoto kwa maji ya birika mojamoja. Mkiwahi kufika, jioni au kesho yake alfajiri ingieni hifadhini kwenyewe. Kwa Mtanzania kiingilio si cha kutisha, mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu, beba kitambulisho cha taifa na ujue malipo si ya keshi. IST usiiingize huko ndani, kodisheni gari la safari pale mjini mgawane na familia nyingine, liko juu na watoto wanaona. Bwawa la viboko ndo kila kitu kwa watoto, wanaruhusiwa kushuka, na wakimsikia kiboko anavyokoroma watamuigiza mpaka utajuta.

Siku ya pili ondokeni saa mbili, au mkishatoka hifadhini kama mmeingia alfajiri, mmeshiba kiasi, nasema KIASI, hakuna maziwa wala mandazi ya mafuta, kwa sababu ya kona. Mkitoka Mikumi mnaingia bonde la mibuyu, Mto Ruaha unapita hapo karibu, na Juni mibuyu mingi imeshapukutisha majani imebaki mitupu. Wape kazi ya kutafuta mbuyu mnene kuliko wote, kanuni ni kwamba ukishachagua wako hubadilishi. Hiyo imetuvusha mwendo mrefu bila tableti. Ruaha Mbuyuni kuna joto, mtaona vitunguu vimepangwa barabarani, vipite, mtanunua mkirudi.

Kitonga sasa, mwambie shemeji atulie. Ile ni lami nzuri, tatizo si mlima, tatizo ni haraka za watu. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda taratibu, wewe kaa nyuma yake na acha nafasi, usiovateki kwenye kona hata nyuma wakikupigia honi za matusi. Lori likiharibika mnaweza kukaa hapo muda mrefu, kwa hiyo maji ya kunywa na biskuti viwe ndani ya gari, si kwenye buti. Kabla ya safari fundi aangalie rejeta, feni na breki. Kupanda zima AC. Kushuka siku ya kurudi weka gia ndogo, hata otomatiki ina L au S pale, usishuke umekanyaga breki mwanzo mwisho, zinachemka na harufu yake utaijua.

Kutapika kupo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka 2019, sasa sisi tunabeba kile kindoo kidogo cha siagi chenye mfuniko, kila mtoto na chake, na limao la kunusa. Anayetapika sana akae katikati aangalie mbele, asiangalie simu.

Juu kuna ubaridi, masweta yasiwe chini ya mabegi. Mkipita Ilula, kabla ya Iringa mjini simama Lugalo, kuna mnara pembeni ya barabara, ndipo Wahehe wa chifu Mkwawa walipowapiga Wajerumani Agosti 1891. Mkubwa wako kama ameshamsoma Mkwawa shuleni mpeleke na makumbusho ya Kalenga akaone fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, ila mdogo mwache nje na mama yake, wangu mmoja aliota wiki nzima.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya, mnashuka korongoni kwenye nguzo za udongo ndefu kuliko ghorofa, nendeni asubuhi na mumchukue mwongozaji, zile zana za mawe za watu wa kale zilizopo hapo bila mtu wa kuzieleza watoto wataona kokoto tu. Jioni pandeni Gangilonga mjini, ni jiwe, watoto wanapanda wenyewe, kazi yenu ni kushika wa miaka mitatu mkono.

Hifadhi ya Udzungwa kuangalia maporomoko ya Sanje usiiweke safari hii, kile kilima kwa mtoto wa kubebwa ni adhabu ya baba. Na basi, kwa watoto watatu nauli yake ukijumlisha na bajaji za huko unakaribia hela ya mafuta, halafu dereva wa basi hasimami mtu aangalie tembo. Jaza tanki Mikumi, la kurudi jaza Iringa mjini.