Ofisi ya ushauri wa kazi chuoni ianze na field

Vyuo vingi hapa Tanzania vina dawati la ushauri wa kazi, na pilikapilika zake huonekana mahafali yakikaribia. Ukumbi unajaa, waajiri wanazungumza, wanafunzi wanaelekezwa kuandika CV, picha zinapigwa. Nimeongoza huduma hii kwa miaka kadhaa, na kwa yeyote atakayekabidhiwa ofisi hiyo nina ushauri mmoja: nguvu zako zielekeze kwenye field, yaani mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi huyafanya kwenye ofisi za watu akiwa bado anasoma. Anayesubiri mwaka wa tatu ndipo aulize aandike nini kwenye CV, field zake zimeshapita.

Tazama field inavyotafutwa. Kijana wa mwaka wa kwanza huanza kutafuta mahali pa kulala, ofisi baadaye. Akiwa na shangazi Dodoma, field itakuwa Dodoma. Huo si uzembe. Nauli na kodi ya chumba ni mzigo, hata kwa aliyepata fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo muulize kwanza atafikia kwa nani, kisha mtafute pamoja ofisi za jirani na hapo zinazohusiana na anachosoma. Fanyeni hivyo kabla barua za maombi hazijatoka, na weka daftari la waliotangulia: nani alikwenda wapi, alipewa kazi gani, msimamizi wake alikuwa idara ipi. Mimi daftari hilo limenisaidia kuliko orodha yoyote ya waajiri wakubwa.

Wakirudi, kaa nao mmoja mmoja. Kuna binti wa sosholojia alikuja na CV ambayo field yote ilikuwa mstari mmoja: halmashauri, Idara ya Maendeleo ya Jamii, basi. Nikamuuliza, asubuhi ukifika ulikuwa unashika nini? Faili za vikundi. Vikundi gani? Vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbe alikuwa anakagua kama katiba ya kikundi ipo, kama majina yanalingana na vitambulisho, kama muhtasari wa kikao umesainiwa, na penye kasoro anampigia simu katibu wa kikundi. Aliweza hata kunieleza kwa nini vikundi vingine vinarejesha na vingine vinasambaratika. Hakuna aliyewahi kumuuliza hayo, naye hakudhani kama ni ujuzi. Tukayaandika yote, na msimamizi wake wa field, kwa ridhaa yake, akawa mdhamini kwenye CV.

Mazungumzo ya aina hii yanakula muda, na ofisi zetu zina watu wachache. Washirikishe wahadhiri wanaokwenda kukagua field. Waombe, wakishasaini kitabu cha kumbukumbu, wamuulize mwanafunzi kazi gani ameifanya peke yake wiki hiyo, na jibu waliandike.

Mambo ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, hayahitaji semina ya siku nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili afungue akaunti, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na cheti cha kuzaliwa viwe tayari, ajue vyeti vyake vitatakiwa kuthibitishwa na barua ya maombi lazima isainiwe.

Lililo zito zaidi ni njia za taaluma zenyewe. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka 3, mhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili ana Law School, shule ya mafunzo ya uwakili. Inaniuma kuona vijana wanayasikia haya wakiwa wameshavaa joho, wakati familia ilishahesabu kwamba ada zimekwisha. Waambie tangu mwaka wa kwanza, na wazazi wakija siku ya kuripoti waambie pia.

Uongozi wa chuo utakuomba idadi ya waliohudhuria semina. Ipeleke, lakini ambatanisha na idadi ya waliokaa na mshauri baada ya field, na ya waliopata mdhamini kutoka kazini. Kwenye bajeti omba fedha ya vocha, uwapigie wahitimu miezi sita baada ya mahafali uwaulize wako wapi na nani aliwafungulia mlango.