Maswali na majibu: herufi za namba, Kifaransa na kwetu

Wiki jana niliweka hapa namba hizi: 2, 4, 5, 6, 4, 3, 4, 4, 4, 3, nikasema asili yake ni Kifaransa, na nikataja kuwa 70 kwa lugha hiyo ni soixante-dix. Ujumbe umemiminika. Najibu machache.

Shikamoo mwalimu. Namba zile zimepatikanaje? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba. Andika moja hadi kumi kwa Kifaransa, uhesabu herufi za kila neno: un, deux, trois, quatre, cinq, six, sept, huit, neuf, dix. Un ina 2, deux ina 4, na kuendelea. Mfuatano huo umo katika hazina ya mifuatano ya namba ambayo mwanahisabati Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964. Leo iko kwenye intaneti, inasomwa bure. Kiswahili chetu kinatoa 4, 5, 4, 3, kisha 4 tupu hadi kumi.

Nikipata idadi ya herufi, nikaiandika nayo kwa maneno, nikahesabu tena na tena, nitaishia wapi? (Fundi baiskeli, Barabara ya 12, Ngamiani)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, na mitaa yenu ya Tanga yenye namba inafaa kabisa kulijibia. Anzia hapo ulipo. Kumi na mbili ina herufi 11, nenda Barabara ya 11. Kumi na moja ina 10. Kumi ina 4. Nne ina 3. Tatu ina 4! Umerudi Barabara ya 4, na tangu hapo utakwenda na kurudi kati ya ya 3 na ya 4 bila kutoka.

Sasa tembea kwa Kifaransa. Douze, yaani 12, ina herufi 5. Cinq ina 4, quatre ina 6, six ina 3, trois ina 5, na cinq tena. Wao wanazunguka mitaa minne: 5, 4, 6, 3.

Je, kuna namba inayoponyoka? Hakuna, na sababu yake ni nyepesi mno. Kwa Kiswahili, kila namba kuanzia 4 ina herufi pungufu kuliko thamani yake, kwa hiyo lazima ushuke. Hata 99, tisini na tisa, inaanguka hadi 12 kwa hatua moja. Ukifika chini ya 4 unapandishwa kidogo: moja na tatu zinakupeleka 4, mbili inakupeleka 5, na tano inakurudisha 4. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuthibitisha hili kwa penseli, na mimi naona huo ni uthibitisho kamili wa hisabati, wala si mchezo wa kupotezea muda.

Sisi wazee wa Pangani tulisema thenashara, si kumi na mbili. Hesabu haiharibiki? (Bibi, Pangani)

Shikamoo bibi. Inabadilika njiani tu. Thenashara ina herufi 10, kwa hiyo unairuka 11, unashukia kumi, kisha nne na tatu kama wengine. Na ukiihesabu th kuwa moja na sh kuwa moja, kwa kuwa kila moja ni sauti moja, unapata 8. Nane ina 4. Shimo ni lile lile la 3 na 4.

Mpangaji wangu Mkongo anasema 70 ni septante. Wewe uliandika soixante-dix. Nani kakosea? (Mama mwenye nyumba, Makorora)

Hakuna aliyekosea. Ufaransa husema soixante-dix, herufi 11. Ubelgiji, Uswisi na Kongo husema septante, herufi 8. Kwenye 90 tofauti ni kubwa zaidi: quatre-vingt-dix ina 14, nonante ina 7. Vistari havihesabiwi. Kwa hiyo mfuatano ni mmoja hadi 69, halafu inabidi useme ni Kifaransa cha nani.

Tupe la kufanya na watoto jioni. (Baba wa watatu, Tanga mjini)

Watafute namba ndogo kuliko zote yenye herufi 12 kwa Kiswahili. Ni 54, lakini usiwaambie.