Ukienda kukimbia nje ya nchi, anza na meza ya namba

Wakimbiaji wengi ninaowajua hapa Kampala, wakipata hamu ya kuvuka mpaka kwenda kukimbia, hukata tiketi kwanza, kisha wanatafuta pa kulala. Suala la kuchukua namba ya mbio, ile unayobandika kifuani, wanaliachia siku yenyewe: tutafika, tutaona. Mimi siku hizi nauliza kwanza meza ya namba inafungwa siku gani, saa ngapi. Nikishajua hilo ndipo naangalia basi.

Chukua Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi Jumapili moja ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Namba hutolewa Dar es Salaam, Arusha na Moshi siku za kabla ya mbio, na kila mji una siku zake. Asubuhi ya mbio hakuna wa kukupa namba, hata ulie. Sasa pima njia: Kampala hadi Busia au Malaba, Nairobi, Namanga, Arusha, ndipo Moshi. Gari likiharibika kidogo tu, au foleni ya malori ikiwa imejifunga mpakani, nusu siku imekwenda. Ndiyo maana naona anayepanga kufika Jumamosi jioni anacheza kamari. Fika Ijumaa. Jumamosi iwe ya kulala na kunyoosha miguu.

Hati nazo zina mtego wake. Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinakuingiza Kenya bila shida, na hapo ndipo mtu anapojisahau. Tanzania inataka pasipoti. Kijana mmoja wa kundi letu la mazoezi aliteremka Nairobi kifua mbele, akagundua hapo stendi kwamba pasipoti ameiacha nyumbani. Mbio zake ziliishia hapo. Beba pia kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, maana ukitoka Uganda unaweza kudaiwa mpakani. Chanjo moja sasa inahesabika kuwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe.

Jambo linalotusumbua zaidi sisi wa Uganda ni majina. Mtu anaitwa Okello Denis shuleni na kazini, pasipoti inaweka Okello kama jina la ukoo, halafu kwenye fomu ya mtandaoni anajaza Okello kama jina la kwanza. Mezani dada wa kujitolea anapekua bahasha za herufi moja, hakuna kitu. Anahamia herufi nyingine, foleni nyuma inaguna. Jaza fomu ukiwa umefungua pasipoti mbele yako, herufi kwa herufi. Mume na mke wenye majina tofauti, kama ilivyo kwa wengi wetu, wasitegemee kuchukuliana namba kwa kusema tu "huyu ni wangu". Ulizeni mapema kama inaruhusiwa na karatasi gani inatakiwa. Uthibitisho wa usajili uchapishe, na uupige picha ukae kwenye simu, kwa sababu intaneti ya ugenini haina huruma.

Wenye ndoto ya Berlin Marathon, kule Ujerumani, huko mambo ni makali zaidi. Namba unachukua mwenyewe, ukiwa na hati yenye picha, na unafungwa utepe mkononi ambao hauvuliwi mpaka umalize mbio. Maonyesho wanakotolea namba yamekuwa yakifanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, mahali pakubwa pa kukuchosha kabla hujakimbia, basi chukua namba uondoke. Viatu vya kutazama vipo hata Kampala. Viza ya Schengen, ile ya kukuingiza Ujerumani, unaweza kuiomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Ambatanisha uthibitisho wa usajili, maana ndio unaoeleza kwa nini unasafiri.

Ukishapata bahasha, ifungue hapohapo mezani. Angalia jina, umbali uliojiandikisha, na kama kifaa cha kupima muda kimebandikwa nyuma ya namba, usikikunje. Pini nne nabeba zangu kutoka nyumbani. Nyuma ya namba andika simu ya mtu wa kupigiwa ukizidiwa. Na ukisema unatoka Uganda, hukosi mtu wa kukutajia Stephen Kiprotich na dhahabu yake ya marathon, Olimpiki ya London 2012, akikutazama miguu kana kwamba nawe utamaliza kwa saa mbili na dakika nane. Cheka, chukua fulana yako, nenda.

Chakula Moshi hakitakusumbua. Wachaga, wenyeji wa huko, nao ni watu wa ndizi. Maji na jua ndivyo vya kuangalia, kwa sababu mlima wa kuelekea Mweka unakuja nusu ya pili, joto likiwa limeshapanda. Basi la kurudi likate la Jumatatu. Jumapili usiku magoti hayakubali kukunjwa kwenye kiti mpaka Nairobi.