Usiokote miche chini ya mbuni chotara

Mwaka 2017 niling'oa maotea 60 (miche iliyojiotea yenyewe) chini ya mibuni chotara ya jirani yangu hapa Kibosho, nikayapanda kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichotuachia baba. Mibuni ya jirani ilikuwa mifupi, imebeba hadi matawi yanainama, na hakuwa akiipigia dawa ya chulebuni (ugonjwa wa madoa meusi kwenye buni) wala ya kutu ya majani. Mzee mmoja wa ukoo akaniambia, "Mwanangu, hela ya miche ya nini, na hapa chini imejaa bure?" Nikamwelewa. Ndivyo marehemu baba alivyofanya siku zote, na kahawa yake ndiyo iliyotulipia ada.

Mwaka wa tatu mambo yakajionyesha. Mbuni mmoja uliishia kiunoni, wa pili yake ulinipita kichwa. Buni zikiwa bado za kijani zikaanza kutoka madoa meusi yaliyobonyea. Nikipindua jani, unga wa kutu, wa rangi ya chungwa, unabaki kidoleni. Mti wa pembeni, mtoto wa mama yuleyule, msafi kabisa.

Baba hakukosea. Mibuni yake ilikuwa arabika ya zamani, na arabika kwa kawaida hujichavusha yenyewe. Ikijichavusha vizazi na vizazi, mtoto hutoka kama mama, kwa hiyo maotea yake unayaamini. Chotara amezaliwa na koo mbili tofauti. Yeye mwenyewe ni sugu, lakini mbegu zake hugawana urithi: huyu anapata usugu, yule anaukosa, mwingine anachukua urefu wa bibi.

Nilipokuja kujifunza ukoo mzima wa kahawa ndipo nilipoelewa kwa nini tunahitaji chotara. Jenasi ya Coffea ina spishi zaidi ya 120, na nyingine ni za porini hapahapa kwetu. Iko hata inayoitwa kwa jina la Mufindi. Robusta, ile ya ndugu zetu wa Kagera, ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 22. Arabika ina 44, kwa sababu nayo ni chotara: zamani sana robusta ilikutana na spishi nyingine, Coffea eugenioides, na mtoto akabaki na urithi wote wa pande mbili. Nyumbu, mtoto wa punda na farasi, hazai. Arabika inazaa kwa kuwa kila kromosomu ina mwenzake wa kupangana naye.

Lakini ukoo ulioanzia kwenye mlango mwembamba hivyo, kisha ukawa unajichavusha, una akiba ndogo ya kinga. Ndiyo maana mti uliopatikana kisiwa cha Timor miaka ya 1920 una thamani kubwa: arabika na robusta zilichanganyika zenyewe shambani, na mtoto akastahimili kutu. Aina nyingi sugu duniani leo zina damu yake.

Kwa hiyo nunua vikonyo. Kikonyo ni kipande cha mti wenyewe, hakina urithi wa kugawana. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, iko Lyamungo, si mbali, na ndio wanaozalisha aina sugu. Ukinunua kwingine, omba uchomolewe mche mmoja uangalie mizizi: wa mbegu una mzizi mkuu mmoja ulionyooka chini, kikonyo kina mizizi kadhaa inayotoka pamoja kwenye kitako. Mimi kitalu kimoja kiliniuzia miche ya mbegu kwa jina la chotara, na sikuwa nimeangalia.

Na ukitaka kujaribu vikonyo mwenyewe, kata chipukizi lililosimama wima kwenye shina. Tawi la pembeni likishika mizizi litaendelea kutambaa pembeni, halisimami kuwa mti.

Ile mibuni 60 nimebakiza 11. Mingine niling'oa kabla ya mvua za masika, na mashimo yake nimeyajaza samadi.